Mpunga wa Juu ya Moshi

Jumatatu, 11 Septemba 2023

Zéphirin ameniletea daftari hili asubuhi. Mimi nilimfundisha kuandika alipokuwa darasa la pili. Leo ni agronomi, mtaalamu wa kilimo, amerudi kunipa kazi ya nyumbani. Anataka wakulima kumi wa Kindu waandike mvua kila siku: imenyesha au hapana, kidogo au nyingi, tumepanda lini, imeota lini. Anasema kalenda ya zamani haishiki tena. Nikamuuliza kama naweza kuandika na mambo mengine. Akasema niandike ninavyopenda, yeye atasoma mvua tu. Msimu ukiisha atakuja kulichukua.

Basi, mvua: jana jioni, nyingi. Ni ya tatu toka mwezi uanze.

Marehemu bwana wetu Djamali alikuwa na sheria yake ya mpunga. Mvua ya kwanza inaosha majani, ya pili inanywesha udongo, ya tatu mwaga mbegu. Miaka yote niliyokaa naye sheria hiyo haikumwangusha. Kwa hiyo leo nimeshuka bondeni kando ya mto, nikamwaga mbegu yangu yote.

Nasema "bwana wetu" kwa sababu tulikuwa wake wawili. Yaya Nuru, yaani dada Nuru kwa lugha ya hapa, ndiye mkubwa. Mimi Rehema niliingia miaka saba nyuma yake. Bwana alifariki 2011, watoto wameoa na kuolewa, sisi tumebaki katika lupango moja hapa Mikelenge: nyumba mbili zinazotazamana, jiko lake upande ule, langu upande huu, na shamba moja bondeni lililogawanywa na njia ya miguu. Tunasalimiana. Zaidi ya salamu hatuna mengi. Sababu nitaiandika siku nyingine, leo mgongo unauma.

Yaya Nuru amepanda nusu tu ya upande wake.

Jumanne, 12 Septemba

Mvua: hakuna. Nimemuuliza Yaya Nuru sheria ya marehemu ameitupa wapi. Alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo, hakuinua kichwa.

"Marehemu alikuwa bwana yetu siye wawili," akasema. "Mvua hakuioa."

Alhamisi, 21 Septemba

Mvua: hakuna toka siku ile. Mpunga wangu umeota wote, kijani kibichi. Nilipopita kando ya ile nusu yake tupu nilikohoa kidogo ili anisikie.

Jumatano, 27 Septemba

Maulidi. Mvua: hakuna. Jua lilitufukuza uwanjani tukasongamana kwenye kivuli cha ukuta wa msikiti. Wali na kuku, alhamdulillahi.

Jumapili, 1 Oktoba

Hakuna.

Jumatatu, 2 Oktoba

Hakuna.

Jumanne, 3 Oktoba

Wingu kubwa upande wa Lokandu. Limepita zake.

Ijumaa, 6 Oktoba

Hakuna, siku ya ishirini na sita. Nimeng'oa mche mmoja na haukunipinga, mizizi imekuwa uzi. Udongo umepasuka, kidole kizima kinaingia. Upande wangu wote umekufa. Yaya Nuru amepoteza ile nusu aliyopanda, nyingine bado iko kwenye gunia lake.

Alikuwa amesimama kwenye njia yetu ya katikati. Nilingojea aseme neno moja tu nipate pa kumshika. Akageuka. Tumerudi nyumbani mmoja mbele, mmoja nyuma.

Jumamosi, 14 Oktoba

Mvua: hakuna. Zéphirin amepita kwa baiskeli kutazama madaftari. Wakulima wote kumi wameandika neno lile lile. Nikamwambia sheria ya mvua tatu imekufa, anieleze nani ameiua. Akakaa kwenye kigoda. Yaya Nuru naye akasogeza mkeka wake, kwa mara ya kwanza tumekaa upande mmoja wa lupango. Zéphirin akatueleza kwamba hewa ya dunia imepata joto kwa moshi wa viwanda na magari ya miaka mingi. Hewa yenye joto inabeba maji mengi zaidi. Inayashika muda mrefu, halafu inayaachia mara moja. Akasema tusishangae jua hili likifuatwa na mvua ya kutisha.

Yaya Nuru akamuuliza huo moshi uko wapi, maana hapa Kindu hata treni tunaingojea miezi. Zéphirin akasema wenye viwanda wako mbali, Ulaya, Amerika, China.

"Wale njo wanapika," Yaya Nuru akasema, "na siye njo tunaungua mikono."

Nilicheka kabla sijajizuia. Nilipoingia nyumba hii, msichana asiyejua kuwasha moto wa kuni mbichi, ndivyo alivyokuwa ananichekesha. Nilikuwa nimesahau.

Jumanne, 17 Oktoba

Mvua: manyunyu, si kitu.

Nimeingia jikoni kwa Yaya Nuru kuomba kaa la moto na macho yangu yakapanda yenyewe. Lile kapu bado liko juu ya mafiga, limening'inia kwa kamba kwenye mti wa paa, jeusi kwa masizi. Ndani mna mpunga wa mbegu, masuke yamefungwa mafungu mafungu. Moshi unafukuza wadudu na unyevu. Kila mavuno anashusha wa zamani tunaupika, anapandisha mpya. Gunia ni la kupanda. Kapu haliguswi.

Sasa niandike ile sababu. Mwaka 2002 wapiganaji walizunguka mji, askari wengine walikuwa ndani, sisi raia katikati. Aliyevuka kwenda shambani hakurudi. Treni hakuna, boti hakuna. Bwana alikwama Lokandu miezi tisa. Tulikula maganda ya muhogo, tulikula majani ambayo hata mbuzi anayakataa. Hadidja wangu alikuwa na miaka mitano. Akapata bwaki, ugonjwa wa njaa: miguu ikavimba, nywele zikawa nyekundu. Nilipiga magoti mbele ya Yaya Nuru nikamwomba fungu moja tu kutoka kapu lile, nimpikie mtoto uji. Akasema hapana. Siku ya pili nikarudi, akasema hapana. Siku ya tatu nilimkuta amelala jikoni chini ya kapu, amenipa mgongo.

Masista ndio waliomwokoa Hadidja, kwa maziwa na uji wao. Ali, mtoto wa Yaya Nuru, alikuwa na miaka saba wakati ule, na mimi nilijua, na mpaka leo najua, kwamba mimi nikilala kapu lile lilikuwa linashuka kwa Ali.

Toka hapo ni salamu tu.

Jumatatu, 23 Oktoba

Mvua: nyingi. Ya pili katika siku tatu, na sikungoja ya tatu. Nimebadilishana na jirani yangu Jacqueline: yeye amepata mbuzi, mimi madebe mawili ya mpunga. Nimepanda upya. Yaya Nuru amepanda upande wake wote, gunia lake limekwisha.

Alhamisi, 9 Novemba

Nyingi.

Ijumaa, 10 Novemba

Nyingi.

Jumatatu, 13 Novemba

Nyingi sana. Kalamu itaisha kwa neno hili moja.

Ijumaa, 24 Novemba

Mvua: nyingi. Mpunga umefika magotini, mnene, haujawahi kuwa hivi. Nimeanza kuhesabu magunia kichwani, ugonjwa wa kila mkulima. Nilimwambia Yaya Nuru mwaka huu tutakula mpaka tusahau muhogo. Akaniambia nisiseme kwa sauti karibu na mto.

Jumatano, 6 Desemba

Nyingi. Maji ya mto yamemeza mawe ya kufulia nguo. Ni ya rangi ya chai na yanabeba miti mizima.

Jumanne, 12 Desemba

Mvua: sina neno lake. Siku tatu haijapumzika. Daftari naliweka ndani ya sufuria lenye mfuniko.

Asubuhi nimeshuka bondeni, sikufika. Njia inaishia majini. Upande wangu, upande wake, njia yetu ya katikati, yote ni mto. Nilitafuta hata ncha moja ya mpunga, sikuiona. Wazee wa bandarini wanasema maji kama haya waliyaona wakiwa wadogo, mara baada ya uhuru. Redio inasema ni mto mzima, toka huku juu mpaka Kinshasa.

Nilikuwa nimesimama pale nikililia shamba, mpaka mtu mmoja akasema ng'ambo, Alunguli, nyumba zinaanguka. Hadidja anakaa Alunguli na watoto wake watatu, karibu kabisa na maji, na mume wake yuko machimbo ya Kama, anachimba dhahabu. Shamba lilitoka kichwani mwangu palepale. Nina miaka sitini na moja, sijui nilikimbiaje mpaka bandarini.

Yaya Nuru alikuwa pale tayari. Amejifunga kitenge kiunoni, mvua inamtiririka usoni, anagombana na mvuvi mmoja wa Kigenya mwenye mtumbwi aliyekataa kuvuka kwa sababu ya miti inayokuja na maji. Alikuwa pale toka alfajiri. Mtumbwi mwingine alikwisha kuutuma, ukiwa na mtu anayemfahamu Hadidja kwa sura. Mimi nilikwenda kwanza kutazama mpunga. Yeye alikwenda kwanza kumtafuta mtoto wangu. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, ingawa inaniuma.

Tulingojea. Alinishika mkono na hakuuachia. Mtumbwi mmoja ulikuja, si wao. Wa pili, si wao. Mti mkubwa ukapita katikati ya mto, na mizizi yake juu, na nikafunga macho.

Saa sita wakafika. Hadidja mbele na Zaituni, mdogo wa miaka mitatu, kifuani. Wale wawili wakubwa wameshika sufuria kila mmoja sikio lake. Nyumba yao ya matofali mabichi imelainika ikakaa chini. Wao wote ni wazima. Nimesema alhamdulillahi mpaka sauti imekauka.

Yaya Nuru alimchukua Zaituni, akamfunga mgongoni, akatangulia kupanda. Njiani akageuka.

"Mupunga unapandwa tena," akasema.

Nilikuwa sijamwuliza.

Jumatano, 20 Desemba

Mvua: kidogo. Siku ya uchaguzi. Nimepiga kura, wino uko kidoleni. Maji hayajashuka. Muhogo wa bondeni unaoza ardhini. Tuko watu sita kwenye chungu kimoja, maana Yaya Nuru amesema kuwasha mioto miwili ni kupoteza kuni.

Jumapili, 24 Desemba

Mvua: hakuna.

Jana baada ya alasiri Yaya Nuru aliweka kapu lake mbele yangu. Kwenye mwanga wa jua nililiona vizuri kwa mara ya kwanza: mafungu arobaini, kila moja limefungwa kwa ukambaa, mafundo mawili. Akasema bondeni hapafai tena, si mwaka huu wala mwaka ujao. Ndugu yake Hamidou wa Kailo ana pori lililopumzika, juu kilimani ambapo mto hauwezi kufika. Anakwenda kuliomba na kulifyeka. Akimaliza atarudi, tubebe mbegu. Nusu yangu, nusu yake.

Nikamuuliza kwa nini asiende nayo kabisa. Akasema njia imejaa maji, akianguka nayo hakuna nyingine Kindu nzima, kila mtu amekula au amezamisha ya kwake.

"Njo ya mwisho hii, mudogo," akasema. "Watoto watalia. Funga masikio."

Leo asubuhi ameondoka kwa pikipiki na panga lake limefungwa kwenye gunia. Ana miaka sitini na minane. Kapu limepanda juu ya mafiga yangu, ili moshi usikatike. Nimelitundika vibaya mara mbili. Miaka ishirini na moja nimelichukia kapu hili, na sasa ninalichunga.

Jumapili, 31 Desemba

Mvua: nyingi. Wanasema daraja moja la njia ya Kailo limekwenda. Simu ya Hamidou haiiti. Hakuna habari za Yaya Nuru.

Jumatatu, 1 Januari 2024

Nyingi. Hakuna habari.

Alhamisi, 4 Januari

Mvua: ndogo, asubuhi.

Tunakula mara moja kwa siku, ugali na sombe. Zaituni alikuwa na homa siku tatu. Homa imeondoka lakini mtoto anakataa ugali, anautema. Anataka wali. Mtoto wa miaka mitatu si mjinga: ameona masuke juu ya moto, anayanyooshea kidole, analia bila nguvu, na kilio cha namna hiyo ni kibaya kuliko kelele.

Hadidja akaniomba fungu moja. Moja tu, katika arobaini.

Nikasema hapana.

Akasema: "Mama mukubwa harudi, mama. Leo siku kumi na moja. Unamuchungia nani?"

Nikasema hapana tena, na nikaisikia sauti yangu. Haikuwa ya hasira. Ilikuwa sauti ya mtu aliyechoka ambaye akisema neno la ziada atalegea. Nilikwisha kuisikia mara mbili, nikiwa nimepiga magoti. Nilitoka nje kwa sababu kama ningebaki jikoni ningelishusha kapu. Naandika wazi: ningelishusha.

Nikachukua kitenge changu cha Idi, kile cha rangi ya zambarau ambacho sijakifua hata mara moja, nikashuka nacho bandarini. Mwanamke mmoja wa Lokandu aliyepanda na boti amenipa bakuli tatu za mchele. Zaituni amekula wali mtupu na chumvi, taratibu, punje kwa punje, akamaliza, akaomba tena. Nilikaa nikimtazama anavyotafuna.

Tulipokuwa tunaosha sahani Hadidja akanisamehe kwa namna yake, akaanza kusimulia mambo. Akaniuliza kama nakumbuka mwaka wa bwaki. Nikamwambia nakumbuka kuliko yeye.

"Miye na Ali tulikuwa na mchezo," akasema. "Tulikuwa tunabonyeza miguu yetu iliyovimba kuona shimo la nani linakawia kujaa. Ali alikuwa ananishinda kila siku."

Nikaweka sahani chini. Nilimuuliza kama ana hakika, Ali naye alivimba? Akashangaa. Alivimba kuliko yeye, akasema, ila mama mukubwa alimvalisha suruali ndefu.

Na mimi nimekumbuka jambo la pili, peke yangu, bila kuambiwa na mtu. Mwaka ule Yaya Nuru alibaki na kitenge kimoja tu, anakifua jioni anakivaa asubuhi. Mimi nilisema kwa majirani kwamba anajifanya maskini ili tusimwombe.

Ijumaa, 5 Januari

Hakuna mvua. Hakuna habari. Yaa Rabbi, mrudishe.

Jumanne, 9 Januari

Mvua: hakuna.

Amerudi. Amerudi mzima. Kwa miguu siku mbili, amekonda, mikono imepasuka kwa panga, kisigino kimefungwa kitambaa. Daraja lilimzuia wiki nzima, naye akaitumia wiki hiyo kufyeka. Pori ni letu, Hamidou amekubali, limeshachomwa.

Kabla hajanywa maji aliingia jikoni kwangu akatazama juu. Niliona midomo yake ikihesabu mafungu. Halafu akanitazama mimi, akamtazama Hadidja, akamtazama Zaituni aliyekuwa anamfukuza kuku, akakaa chini kwenye mkeka akalala palepale mpaka alasiri. Nilimfunika. Nimelia kidogo, kwa raha. Mzigo nilioubeba siku hizi kumi na sita nilikuwa siujui uzito wake mpaka ulipotua.

Jumatatu, 15 Januari

Mvua: juzi, ya wastani. Kailo. Tumepanda kilimani, yeye akitoboa kwa mti, mimi nikidondosha punje na kufunika kwa mguu. Zéphirin alituomba tupande kwa siku mbalimbali, si yote siku moja. Kwa hiyo leo nusu, na iliyobaki wiki ijayo. Tutapanda mafungu thelathini na manne. Sita yamebaki kwenye kapu. Ni mimi niliyeyatenga, na Yaya Nuru alitazama pembeni kuficha meno yake.

Jumapili, 11 Februari

Hakuna, siku ya tisa. Mpunga umeota wote. Moyo wangu uko Kailo.

Jumatatu, 12 Februari

Hakuna.

Ijumaa, 16 Februari

Hakuna. Yaya Nuru anasema yako mafungu sita. Tumelala vizuri kwa ajili ya mafungu sita.

Jumatatu, 19 Februari

Imenyesha! Laini, ndefu, toka saa nne mpaka adhuhuri, mvua ya adabu kama za zamani. Tumekaa kibarazani tukaisikiliza.

Jumanne, 12 Machi

Mfungo wa kwanza. Mvua: wastani. Mume wa Hadidja ametoka Kama. Anafyatua matofali huku juu, mbali na maji. Alitaka kurudi Alunguli palepale pa zamani, Yaya Nuru akamuuliza kama amemuoa binti yetu au amemuoa mto.

Jumatano, 10 Aprili

Idi. Mvua: asubuhi kidogo. Nilivaa kitenge changu cha kila siku, kimepigwa pasi. Yaya Nuru alinitazama toka mlangoni kwake, akaingia ndani, akatoka na kimoja chake kipya, akaniwekea begani. Sikuwahi kumwambia habari ya kile cha zambarau. Tumekwenda kuswali.

Jumanne, 14 Mei

Mvua: hakuna, na safari hii ni haki yake, tumekwisha kuvuna.

Magunia tisa. Si mengi kama ya ndoto ya Novemba, lakini haya yako ndani ya nyumba. Hadidja amepata mawili, Hamidou moja kwa ardhi yake. Jacqueline amepata bakuli la mchele mpya, akasema mbuzi hajambo. Zéphirin naye amekuja kuchukua daftari. Nimemnakilia mvua yote kwenye karatasi nne, kwa mwandiko mzuri, tarehe kwa tarehe. Akaomba na daftari lenyewe. Nikamwambia alinipa, na mwalimu harudishi. Akacheka akaenda na karatasi zake.

Alasiri tulikaa mimi na Yaya Nuru tukifunga masuke ya kapu. Hadidja na watoto walikuwa wanapepeta uani. Nilikuwa nimelibeba swali toka Januari na nikaona nikilipeleka msimu mwingine litaoza. Nikamwambia najua kwamba Ali alivimba. Najua vitenge vyako vilikwenda kwa chakula. Nikamwomba anisamehe kwa niliyoyasema kwa majirani, na kwa yale niliyoyasema moyoni, ambayo ni mengi zaidi. Kisha nikamuuliza aliwezaje, siku zile tatu, kuniambia hapana.

Alifunga fungu alilokuwa nalo, fundo la kwanza, fundo la pili.

"Miaka makumi mbili unanichukia," akasema. "Ile nguvu ya kunichukia, ulikula wapi?"

Jibu lilikuwa limekaa mbele yangu, linafunga masuke. Katika daftari hili nimeiandika njaa ya 2002. Mavuno ya 2003 sikuyaandika hata kwa mstari mmoja. Njia zilipofunguka mji mzima ulikuwa hauna mbegu, isipokuwa nyumba yetu. Yaya Nuru alishuka bondeni na kapu lake, peke yake, kwa sababu mimi nilikataa kwenda naye. Alivuna, akapika, na sahani ya kwanza alimpa Hadidja, ya pili alimpa Ali. Ya tatu alinipa mimi. Niliila yote nikimkunjia uso, na nywele za Hadidja zikarudi kuwa nyeusi.

Nimelia, na yeye ameniacha nilie, kisha akasema nisiyaloweshe masuke.

Mafungu arobaini yakatimia. Bega lake la kulia halipandi vizuri tangu panga la Kailo, kwa hiyo akanisogezea kigoda na kunipa kamba. Sasa mafiga yetu ni ya pamoja, jikoni kwake. Nilipanda, nikalitundika kapu kwenye mti wa paa, nikafunga mafundo mawili. Alinitazama toka chini, akasema nilisogeze kidogo kushoto, moshi unapitia huko.